Boga, uzi na kilomita 306

Vijana wawili wa bajaji walikuwa wakibishania soda pale stendi ya Mbalizi. Ubishi wenyewe: kutoka uwanja wa ndege wa Mbeya hadi wa Iringa, kwa ndege, ni kilomita ngapi? Simu ya mmoja ilisema 287. Ya mwenzake ilisema 306. Walikuwa wameshauliza mara tatu tatu, kila simu imeshikilia jibu lake, na wenzao waliokaa kwenye bajaji wamegawanyika kama Simba na Yanga.

"Mzee, shikamoo," akasema mwenye 306. "Wewe si ulikuwa mtu wa ramani?"

"Marahaba. Nilikuwa mpima ardhi."

"Hiyo hiyo. Tuamulie."

Nikazitazama simu zote mbili, nikawaambia zote zinasema kweli. Jibu la namna hiyo halinunui soda. Ikabidi nikae niwaeleze, na maelezo yenyewe yakamaliza asubuhi yangu.

Hadi mwishoni mwa 2012, ndege za Mbeya zilitua mjini, kwenye uwanja wa zamani ulioko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na makazi na milima. Desemba 2012 safari zikahamia Songwe, huku kwetu chini, kwenye njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,330. Uwanja ulisogea kama kilomita 20 kuelekea magharibi, lakini zile herufi tatu zinazoandikwa kwenye tiketi na kwenye lebo za mizigo, MBI, zilihama nao. Basi popote pale mtu alipoandika orodha ya viwanja kabla ya kuhama, kisha asirudi kuirekebisha, MBI bado iko mjini. Ukiuliza umbali wa kwenda Iringa, unapimiwa kutoka mahali ambapo ndege ya abiria haitui tena. Iringa iko mashariki yetu, uwanja umekwenda magharibi, 287 ikawa 306.

(Jina nalo lina vituko vyake. Uwanja wa Songwe hauko Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulianzishwa 2016, uwanja ukiwa umeshazoea kazi, na uwanja ukabaki Mkoa wa Mbeya. Mgeni anayekata chumba Vwawa, mkoani Songwe, akidhani amelala jirani na ndege, asubuhi atajionea.)

Mwenye 287 akakubali kishingo upande. Ila hakuwa amemaliza. "Sasa hiyo 306, mzee, wamepima na nini? Nani amepita na kamba huko juu?"

Hakuna aliyepita na kamba. Kila uwanja wa ndege una nukta yake moja rasmi, kwa kawaida karibu na katikati ya njia ya kurukia, na mahali ilipo nukta hiyo huchapishwa na mamlaka ya anga ili dunia nzima itumie namba zilezile. Nukta ya Songwe iko nyuzi 8 na dakika 55 kusini mwa Ikweta, nyuzi 33 na dakika 16 mashariki mwa Greenwich. Ya Nduli, uwanja wa Iringa, iko nyuzi 7 na dakika 40 kusini, nyuzi 35 na dakika 45 mashariki. Simu haitaki zaidi ya hapo. Haijui barabara, haijui mlima, haijui hata kama kuna ndege inayofanya safari hiyo. Inachukua nukta mbili, inavuta uzi kati yake juu ya tufe la dunia, inausoma urefu wa uzi. Waliozipa digrii jina la nyuzi waliona mbali.

Sehemu ngumu ni hilo tufe. Nikasogea kwa mama anayeuza maboga kando ya stendi, nikamwomba moja nipimie. Akanitazama. "Unapima uzito au unapima nini, baba?" Nikamwambia nitalirudisha zima. Kwa jirani yake wa viazi nikapata kipande cha uzi wa kushonea magunia.

Boga la kienyeji lina mifereji inayoshuka kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni. Mifereji hiyo ndiyo longitudo. Tumboni mwa boga, mfereji na mfereji vimeachana kwa vidole vitatu. Panda kuelekea kwenye kikonyo: vidole viwili, kimoja, nusu, mpaka yote ikutane kwenye shina la kikonyo. Mifereji haijapungua hata mmoja. Nafasi iliyo kati yake ndiyo imekwisha.

Dunia iko hivyo hivyo. Kwenye Ikweta, uzi mmoja wa longitudo una upana wa kilomita 111. Kwetu Mbalizi, karibu nyuzi 9 kusini, umepungua kidogo tu, kama 110. Ukifika nyuzi 60 kaskazini, usawa wa Oslo na Helsinki, umebaki nusu. Kwenye ncha ya dunia ni sifuri, mtu mmoja anaweza kuikanyaga longitudo yote kwa kiatu kimoja. Latitudo haina mambo hayo. Dakika moja ya latitudo ina urefu karibu uleule popote ulipo, na urefu huo ndio maili ya bahari. Mwaka 1929 mkutano wa kimataifa uliofanyika Monaco uliikata maili hiyo iwe mita 1,852 kamili, na hadi leo rubani anahesabu safari yake kwa maili hizo, hata akiruka juu ya Usangu ambako hakuna bahari. Sababu ni ya kivivu na ni nzuri: dakika za latitudo zimeshaandikwa ukingoni mwa ramani, na kila dakika ni maili.

Kwa hiyo hesabu ya vijana wangu ilienea nyuma ya risiti ya mafuta. Kutoka nyuzi 7 dakika 40 hadi nyuzi 8 dakika 55 ni dakika 75, yaani maili 75 za kusini na kaskazini. Kutoka nyuzi 33 dakika 16 hadi nyuzi 35 dakika 45 ni dakika 149 za magharibi na mashariki. Hizi za pili zipunguze kwa asilimia moja, maana mifereji yetu imeanza kukaribiana kidogo: 147. Sasa una pembetatu mraba, ile ya Pythagoras ya kidato cha pili. 75 mara 75 ni 5,625. 147 mara 147 ni 21,609. Jumla 27,234, na kipeuo chake cha pili ni 165. Maili 165 za bahari, zidisha kwa 1.852, unapata kilomita 306.

Mwenye 306 aliipiga bajaji yake kofi la ushindi.

Njia hii ya mkato, nikamwonya, inafaa hapa kwa sababu tunaishi tumboni mwa boga. Usiipeleke kwenye kikonyo. Chukua viwanja viwili vya kaskazini kabisa: Utqiaġvik, mji wa mwisho wa Alaska, nyuzi 71 kaskazini, na Tromsø, Norway, karibu nyuzi 70. Kwa latitudo ni majirani. Kwa longitudo wameachana karibu nyuzi 176, yaani mmoja yuko upande huu wa boga na mwenzake upande wa pili. Nikaweka kidole gumba sehemu moja karibu na kikonyo na kijana akaweka chake upande wa pili. Tukauzungusha uzi kwa kufuata usawa wa vidole, kama anayeifunga kilemba dunia: safari ya namna hiyo ingekuwa zaidi ya kilomita 6,500. Kisha nikamwambia aukaze. Uzi ukateleza, ukapanda wenyewe, ukapita pembeni kabisa mwa kikonyo. Hiyo ndiyo njia fupi, na urefu wake ni kama kilomita 4,330. Kilomita zaidi ya 2,000 zimepotea kwa kukaza uzi tu.

Uzi uliokazwa juu ya tufe ndio wataalamu wanauita duara kuu, na ndio umbali wa ndege unaotajwa kila mahali. Kwenye ramani bapa ya ukutani duara kuu huonekana limepinda kama upinde, na mtu hudhani rubani anazurura. Novemba 1954 shirika la SAS lilipoanza safari za Copenhagen hadi Los Angeles kwa kupitia Greenland, kwenye ramani ya shule njia ile ilionekana ya ajabu. Kwenye boga ilikuwa imenyooka.

Kwetu tofauti hiyo karibu haipo. Songwe hadi Dar es Salaam uzi uliokazwa ni kilomita 691, na ukifuata mwelekeo mmoja wa dira bila kupinda hata kidogo utaongeza mita chache, hatua saba au nane za mtu mzima. Mtu aliyejifunza jiografia Mbeya anaweza kuzeeka bila kulihitaji duara kuu. Labda ndiyo maana halitukai kichwani.

Nimesema nukta mbili zinatosha, nikapita haraka mno mahali ambapo wapima ardhi hugombana. Nukta inategemea dunia uliyoamini kwamba ni ya umbo gani. Dunia si mviringo kamili, ni boga kweli kweli: kutoka katikati yake hadi Ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni 6,357. Kila mfumo wa ramani ulichagua boga lake. Ramani za zamani za nchi yetu zilisimama juu ya mfumo unaoitwa Arc 1960, na mfumo huo umetokana na kazi moja kubwa sana: mnyororo wa pembetatu uliofuata longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Wazo lilikuwa la David Gill, mwanaastronomia wa Cape, katika karne ya kumi na tisa. Kipande cha magharibi mwa Tanganyika kilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na Martin Hotine, mwanajeshi mhandisi wa Uingereza, kilima kwa kilima, na mizigo ikibebwa vichwani na Watanganyika ambao vitabu havikuwaorodhesha. Pengo la mwisho la mnyororo huo lilizibwa 1954.

Kisha zikaja satelaiti na boga lao, WGS 84, ambalo ndilo lililomo kwenye simu za vijana wangu. Usafiri wa anga wa kimataifa uliagizwa kulitumia kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Kati ya mfumo wa zamani na huu mpya, nukta ileile ya ardhi hapa kwetu hutofautiana kwa zaidi ya mita 200, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwenye kilomita 306 mita hizo ni vumbi, hata hazigeuzi tarakimu. Lakini mpe rubani aliye ndani ya wingu uwanja uliosogea zaidi ya mita 200, na njia ya kurukia yenye upana wa makumi ya mita tu, uone kama ni vumbi. Nimewahi kukaa wiki nzima nikitafuta jiwe la mpaka kwenye shamba la watu kwa sababu mtu mmoja ofisini alichanganya mifumo hii miwili. Tulichimba kwenye mahindi. Jiwe lilikuwa kwa jirani.

"Kwa hiyo rubani anapita palepale kwenye uzi?" Kijana wa 287 alikuwa amepata ari mpya.

Hapana, na hapa ndipo namba ya simu inapoanza kuachana na ndege. Uvute uzi huo wa Songwe hadi Nduli juu ya ramani ya kwetu: mwanzoni tu unapita ubavuni mwa Mlima Mbeya, wenye zaidi ya mita 2,800, halafu unateremka juu ya bonde la Usangu, unapita upande wa Madibira, unaingia Iringa. Barabara imeukataa huo uzi kabisa. Yenyewe inashika Chimala na Igawa, inakwenda kutafuta Makambako, ndipo inageuka kaskazini kupitia Mafinga. Mjini hadi mjini ni zaidi ya kilomita 330, na bado hujaongeza Mbalizi upande huu wala Nduli upande ule. Ndege nayo haiwezi kuondoka ikiwa imelenga mlima. Inaruka kufuata njia ya kurukia ilivyolala, inapanda kwanza, inageuka ikiwa na kimo cha kutosha. Ikifika inakokwenda inazunguka kuupata upande sahihi wa kutua. Hata kimo chenyewe kina gharama yake, ingawa ni ya kuchekesha: ukiruka kilomita 10 juu, unazunguka boga kubwa zaidi kidogo, na safari ya Dar inarefuka kwa kama kilomita moja.

Upepo ndio unaobadilisha hesabu kweli. Tuseme ndege inakwenda kilomita 600 kwa saa ndani ya hewa, na huko juu kuna upepo wa mashariki wa kilomita 50 kwa saa. Kutoka Dar kuja Songwe inasukumwa, inafika kwa dakika 64. Kurudi inaupiga upepo kifua, dakika 75. Bila upepo ingekuwa dakika 69 kila upande. Jumlisha: upepo ulikupa dakika 5, ukachukua 6. Siku zote upepo hurudisha pungufu, kwa sababu ule unaokuchelewesha unakaa nao muda mrefu kuliko ule unaokusaidia.

Zamani kulikuwa na umbali mwingine uliotawala, wa tangi la mafuta. Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilianza kubeba barua kutoka London hadi Cape Town, na Aprili mwaka huohuo likaanza kubeba abiria. Mbeya, mji mchanga wakati huo, ilikuwa kwenye orodha ya vituo: Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika huko Rhodesia ya Kaskazini. Nimeipima njia hiyo kwa uzi uleule. Dodoma hadi Mbeya ni kama kilomita 400. Mbeya hadi Mpika ni kama 400 pia. Hakuna aliyetua Mbeya kwa ajili ya kuja kuona milima yetu. Ndege zile zilihitaji kunywa. Mwaka 1937 shirika likahamia kwenye ndege zinazotua majini, njia ikahamishiwa pwani, na Mbeya ikaondolewa kwenye barabara kuu ya anga ya Afrika. Umbali kati ya Mbeya na London haukuwa umebadilika hata kwa inchi.

Siku hizi tangi linatosha kabisa, na bado rubani anayekuja Songwe habebi mafuta ya kilomita 691 peke yake. Anabeba ya kufika, anabeba ya kwenda kwenye uwanja mbadala iwapo huku hakutuliki, na juu ya hapo ndege ya jeti lazima ibaki na ya dakika 30 za kuzunguka angani. Mbadala hiyo kwa Songwe si ya kuandika kwenye fomu tu. Asubuhi nyingine ukungu unajaa huku chini mpaka bajaji zinawasha taa saa mbili, na kwa miaka kadhaa ya mwanzo uwanja wetu haukuwa na taa za kuongozea ndege kutua. Nilikuwa ndani ya ndege moja siku kama hizo. Tulifika juu ya Mbalizi, au ndivyo tulivyoambiwa, maana chini kulikuwa kweupe kama maziwa. Tukazunguka. Tukazunguka tena. Kisha sauti ikatuomba radhi, tukageuka. Kwa hesabu ya uzi, siku ile nilisafiri kilomita 1,382 kutoka Dar es Salaam hadi Dar es Salaam. Kesho yake nilipanda basi, kilomita zaidi ya 800, na jirani yangu wa kiti akaniambia nina bahati, yeye hajawahi kupanda ndege.

Mwenye 306 alikuwa ameacha kusikiliza. Amekwishagundua mchezo, anapima kila kitu: Songwe hadi Dodoma, Songwe hadi Lilongwe, Songwe hadi huyo Tromsø. Hiyo ya mwisho simu ilimpa namba ya kutisha akaionyesha stendi nzima. Mwenye 287 alikwenda kuleta soda, na kwa haki akaleta mbili, nyingine akanipa mimi.

Boga nikalirudisha kama nilivyoahidi. Mama alilichunguza pande zote asilione kovu. Mteja aliyekuwa amesimama hapo alitaka la kukatiwa, si zima, basi akalichukua hilohilo, akaweka kisu kwenye kikonyo, akalikata kwa kufuata mifereji.